Mathe wa Olenguruone alinipa raba yake ya akiba, nikamshinda nayo

Wakuu, mko aje? Hii ni yangu mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nilikuwa dereva wa lori la mbao, Elburgon. Lori ilipinduka, mkono wa kulia ukavunjika, na mpaka leo vidole vinatetemeka. Daktari alisema nitafute kazi ndogo ndogo ya vidole. Bibi yangu Wanjiru akanipata YouTube nikiangalia ndege, akasema, "Si uanze hiyo?"

Si drone, wakuu. Ni vijiti vyembamba, plastiki nyepesi na propela inayozungushwa na raba unayosokota mpaka ikaze. Inarushwa ndani ya ukumbi, maana mtu akifungua mlango tu upepo unaiharibu. Yenye inakaa hewani sana ndiyo inashinda.

Nilivunja nyingi. Ingine niliikalia. Wanjiru alicheka wiki nzima.

Mashindano yalikuwa ukumbi wa kanisa, mtaa wa Section 58. Raundi mbili, wanachukua ile yako poa zaidi.

Raundi ya kwanza, nikizungusha raba mkono ukaruka. Paa! Imekatika. Sikuwa na ingine. Nikaanza kufunga boksi la ndege niende.

Mama mmoja, mathe wa Olenguruone, fundi wa nguo, ndiye alikuwa anaongoza. Akanifuata.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, mathe. Na huu mkono si unauona."

"Nauona." Akatoa raba yake ya akiba. "Mimi nashika upande huu. Zungusha wewe. Pole pole, usinikimbize."

Nikitetemeka, anangoja. Hakuniharakisha hata mara moja.

Raundi ya pili, nikaachilia ndege. Ikapanda ikizunguka ukumbi kama haina haraka na mtu. Dakika nne. Sita. Wanjiru amenishika shati.

Ilipogusa sakafu, mwenye saa akasoma: dakika nane, sekunde kumi na moja.

Mathe, raundi ya kwanza, alikuwa na dakika nane na sekunde nne. Raundi yake ya pili haikufika hapo.

Serious, niliona aibu. Nikamwendea. "Mathe, nisamehe, nimekushinda na raba yako."

Akacheka mpaka akashika kiti. "Kama ningetaka kushinda mtu mwenye ameshafunga boksi, si ningebaki nyumbani?"

Wakuu, nililia hapo hapo, mbele ya watu.

Nilichojifunza: kuna mtu anaweza kukuinua hata kama yeye mwenyewe ndiye atapoteza. Mathe, kama unasoma hapa, asante sana.

Nyinyi je, nani aliwahi kuwashikia upande ule mwingine? Wekeni hapa chini, nasoma zote.