Gauni la Nyuzi za Nanasi

Felisa alikuwa fundi cherehani, na fundi hodari, hilo hata waliomchukia hawakubisha. Ukimpelekea kitambaa kibovu alikwambia kibovu. Ukimpelekea tumbo lililozidi alikwambia vilevile, pini zikiwa mdomoni. Mji wa San Roque haukuona ajabu. Pale watu wakikutana sokoni, kabla ya kuulizana habari za nyumbani, mtu anakwambia umenenepa, au umekonda, ndipo mnaendelea na mengine.

Kabatini mwake kulikuwa na gauni moja lisilo la mteja. Lilishonwa na mama yake kwa kitambaa cha nyuzi za nanasi, chepesi kama ganda la kitunguu, livaliwe na msichana wa ukoo atakayechaguliwa kuwa Malkia Elena, yule malkia wa kale aliyeuvumbua Msalaba, kwenye maandamano ya Msalaba, mwezi wa Mei. Felisa hakulivaa. Alipokuwa na miaka kumi na sita lilikataa kufunga mgongoni. Walimvuta, wakamwambia abane pumzi, wakacheka mpaka machozi, kisha wakamvika binamu yake. Felisa akapewa mguu mmoja wa tao la maua linalobebwa juu ya malkia, aushike, akazunguka mji mzima akilitazama gauni lake kwenye mwili wa mwingine. Jambo hilo halikumtoka.

Alipozaa binti, Olivia, waliyemwita Oyang, alisema huyu litamwingia. Hakusema kwa ubaya. Na shida ndiyo hiyo, maana angekuwa mama mbaya majirani wangemkanya.

Oyang alikuwa mtoto wa mashavu. Mjomba wake Berting, kaka yake Felisa, muuza nguruwe wa kubanika, alimbandika jina la Biik, yaani kitoto cha nguruwe, hata meno ya pili hayajaota. Likashika. Kule jina la utani mtu huzikwa nalo.

"Biik! Hebu njoo nikunyanyue, nione kama umefikia kubanikwa!"

Nyumba nzima ilicheka. Oyang naye alicheka, maana asipocheka ataambiwa ana kisirani.

Mezani aliyepakua ni Felisa. Mwenyewe alikunywa maji ya moto yenye siki, akijisifu kwamba tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Oyang akisogeza sahani, mama alitamka neno moja tu: "Nusu." Nusu kijiko cha wali, nusu samaki, nusu embe. Na ole wake abakize punje, kwa kuwa wali ni neema ya Mungu. Basi mtoto akakua akijua kwamba kula ni kosa na kubakiza ni dhambi. Sasa hapo ashike lipi?

Shuleni hakushikika. Akikosea herufi moja alichana ukurasa, akauandika upya wote. Walimu walimsifu kwamba hasumbui. Wasiosumbua ndio wa kuangaliwa, lakini nani ana muda nao?

Alipofika miaka kumi na minne hakungoja tena kuambiwa nusu. Aliacha wali, kisha samaki, kisha akaanza kusema amekula shuleni. Jioni aliruka kamba uani mpaka kuku wakahama. Na sokoni mambo yakageuka.

"Ee! Huyu ndiye Biik? Mwanangu umekonda, umependeza! Bi Felisa, unampa nini, na mimi nikampe wangu?"

"Nidhamu tu, shoga," alijibu Felisa, shingo juu.

Oyang alitabasamu kama aliyepewa zawadi. Zawadi hiyo hakuwahi kuipata kwa kuwa wa kwanza darasani.

Alipotimiza miaka kumi na sita, kamati ya kanisa ikamchagua kuwa Malkia Elena. Siku hiyo hiyo Felisa alitoa gauni, akamvika, akafunga vifungo bila kuvuta. Akalia.

"Umeona? Limeingia!"

"Limebana kidogo hapa kwapani, Mama."

"Limebana wapi? Linaelea hilo!"

Lilielea kweli. Felisa akalitia ndani kidogo kwenye mishono. Juma lililofuata lilikuwa limelegea tena, akalitia ndani tena, mpaka hapakubaki kitambaa cha kutia. Hapo macho ya fundi yaliona yote. Uti wa mgongo ulitokeza kama vifungo vilivyopangwa. Mabegani paliota vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga. Mikono ilikuwa baridi, na jua la Aprili linachoma. Hata hedhi alijua kwamba imekatika zamani. Aliona, naye akafanya kile ambacho mafundi hufanya wakiona mwili una kasoro: alikata sponji, akashonea nyongani, akajaza pamba kifuani. Nusu ya maharusi wa San Roque alikuwa amewajaza hivyo hivyo.

Muuguzi wa zahanati, Trining, alikuja kuchukua sare yake, akamkuta Oyang amekaa katikati ya ngazi anahema. Akamshika kifundo cha mkono. Hakukiachia upesi.

"Dada Felisa, huyu mtoto anaumwa."

"Anaumwa nini? Kapunguza mwili. Wewe ungeweza?"

"Wewe nicheke tu. Moyo wake unakwenda kama wa bibi kizee. Mpeleke hospitali ya mkoa, kesho."

"Nitampeleka. Maandamano yakishapita."

"Kwani moyo unangoja maandamano?"

"Sare yako hiyo hapo, imekwisha. Nenda salama."

Siku ikafika. Oyang alitoka alasiri chini ya tao la maua, msalaba mdogo mkononi, bendi nyuma. Felisa alitembea ubavuni, mkasi ukining'inia shingoni kwa utepe, kama fundi yeyote anayesindikiza kazi yake. Watu walijaa kandokando ya njia.

"Malkia huyo! Kiuno kile!"

"Na nyonga anazo, Mungu kampa vyote!"

Mvua ya Mei ikashuka, na maandamano ya Msalaba hayakatishwi kwa mvua. Sponji zikanywa maji. Zikavimba, zikateremka mapajani, na gauni zima likaanza kumvuta chini. Midomo ya Oyang ikageuka rangi.

"Mama, zito."

"Kanisa lile pale, mwanangu. Vumilia."

Alisema hivyo. Alikuwa na mkasi shingoni, akasema vumilia.

Kabla ya kufika kona, Oyang alipiga magoti barabarani.

"Inuka, Biik!" Berting alipiga kelele kutoka pembeni. "Watu wanapiga picha!"

Felisa alimwangalia mwanawe, akaangalia gauni, akashika mkasi.

"Usikate, Mama! Litaharibika!"

Akakata kuanzia shingoni hadi kiunoni. Pamba na sponji zikaanguka matopeni, na mji mzima ukaona kilichokuwa ndani. Bendi ikanyamaza, isipokuwa tarumbeta moja iliyochelewa kuelewa. Berting akavua shati, akamfunika mpwa wake, akambeba. Yule mtu aliyekadiria nguruwe kwa mikono tangu ujana alisimama mvuani, mdomo wazi.

"Hana uzito, Felisa. Hana uzito kabisa."

Hakumwita Biik tena.

Hospitali ya mkoa daktari alisema mwili huenda ukarudi polepole, lakini moyo umechoka, hawaahidi kitu. Akauliza, "Alipokuwa mdogo, alikuwa anakulaje?"

"Vizuri," alisema Felisa upesi. Daktari hakuandika neno.

Siku nyingi alilishwa kwa mpira puani. Walipouondoa, Felisa alimletea uji wa wali aliokoroga mwenyewe. Oyang alikuwa amelala kama nguo iliyoanuliwa kwenye kamba.

"Gauni linashoneka, Mama?"

"Nimelichoma."

Oyang akageukia ukutani, akalia. Kwa ugonjwa wake wote hakulia hivyo. Felisa alingoja, kisha akachota uji, akajaza kijiko, akakipeleka mdomoni.

Mtoto alikitazama muda mrefu.

"Nusu," alisema.

Felisa akamimina nusu bakulini, akampa iliyobaki.