Chumba Kilichokalia Nafasi

Hadi leo nikiota nyumba yetu ya Bungoma, huiona ikiwa na chumba ambacho hakipo. Dirisha lake linatazama mashariki, na jua linaingia polepole mpaka kwenye mto wa kitanda cha mama.

Mama alikubali kuhama Kitale kwa sharti moja tu. Tangu baba afariki alikuwa akiishi peke yake katikati ya mahindi, katika nyumba iliyojengwa pale baba aliposimama na kusema hapa panatosha. Huko hakuna aliyepima kitu. Unatembea mpaka uchoke, bado uko kwenu. Alisema atakuja kukaa nasi mradi apate chumba chenye jua la asubuhi, kwa sababu baridi ya alfajiri ilimuumiza magoti. Sikungoja aseme mara ya pili. Nilimwita fundi, tukaongeza chumba upande wa barabara, chenye mlango wake mwenyewe unaofungukia uani. Tulijua sheria inataka nafasi iachwe kati ya ukuta na mpaka, kwa hivyo tukaiacha, tukipima kuanzia kwenye ua wa miiba ya kayaba.

Ua ule tuliukuta. Aliyetuuzia ploti aliupanda nje ya mpaka, kama wanavyofanya wote mtaani kwetu, kila mtu akimega barabara kidogo huku akimsalimia jirani. Nasi, watu wazima wenye akili zetu, tukaamini miiba.

Mama alikuwa ameshakizoea kitanda chake afisa wa kaunti alipokuja na futi. Alikuwa mpole, jambo lililoniudhi zaidi. Alichutama karibu na dirisha la mama, akafukua udongo mpaka jiwe la mpaka likaonekana.

“Si mlipima kutoka kwa fensi?” akaniuliza. “Fensi si mpaka, madam. Mpaka ni hii bikoni. Hii rumu yote imekalia nafasi yenye mnafaa kuacha wazi.”

Nilibisha. Nilimwonyesha nyumba za majirani, akasema nazo zitafikiwa. Akachora alama nyekundu ya kubomolewa ukutani, na mama, aliyekuwa ndani akichambua maharagwe, akatoka kumkaribisha chai. Mimi nilikwenda jikoni nikalia kwa hasira.

Tulibomoa wenyewe. Mama tukamhamishia chumba cha nyuma, chenye giza mchana kutwa, na hakulalamika. Afadhali angelalamika. Ilibaki sakafu tu, ya simiti nyekundu, ambayo afisa alisema haina neno maadamu hakuna kitu kilichojengwa juu yake.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameketi pale, kiti chake mahali palipokuwa na kitanda, magoti kwenye jua, macho ameyafumba. Alikuwa ameshafagia. Viatu alikuwa amevivua na kuvipanga palipokuwa na mlango. Ukungu ulikuwa bado umelala barabarani, na kwa muda nilimwona yuko ndani kabisa, kuta zimemzunguka, pazia linacheza.

Nikampelekea chai, nikikatiza moja kwa moja juu ya sakafu.

“Maitu,” akaniita bila kufumbua macho, yaani mama yangu, kama wanavyoitwa kwetu mabinti waliopewa majina ya nyanya wazaa mama. “Umepita kwa ukuta.”

Nikarudi nyuma na kikombe chake, nikazunguka, nikavua viatu, nikaingia kwa mlango.