Balbu ya Ukweni

Jamani, aibu nyingine mtu huizika kimya kimya, lakini hii yangu imeshatembea kutoka Nyakisasa hadi Runazi, basi bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaletewa iliyotiwa chumvi.

Tulikwenda kumposa Odetha. Baba mdogo, ambaye ndiye mshenga, alinionya njiani: "Mposaji hasemi, hainuki, anaangalia vidole vyake vya miguu." Nikaitikia. Ndoo yetu ya rubisi (pombe ya ndizi, na posa bila hiyo si posa) ikawekwa katikati ya sebule, imefungwa mfuniko na kutandazwa majani ya mgomba juu yake.

Giza lilipoingia, baba yake Odetha akawasha taa, ikatoa kimwanga chekundu kama kaa la moto linalozimika. "Hii balbu ya enajisava huwa inachelewa kung'aa," akasema, akaendelea na mazungumzo. Lakini mimi na kunyamaza wapi na wapi! Nilikuwa na bisibisi ya testa mfukoni (niliibeba makusudi, wakwe wajue wamepata fundi), nikainuka: "Volti hiyo, baba, niachie mimi."

Nikazima, nikawasha, kimwanga kilekile. Nikarudia, na kila nikizima inaanza upya, baba mdogo anakohoa kwa hasira, mimi nasema labda holda imelegea, nikazima kabisa, nikapapasa gizani, nikapata kitu cha kupandia, nikapanda, nikaikaza balbu, nikamwita bibi yake Odetha aliyekaa karibu na swichi: "Washa, bibi!"

Akawasha. Hapo hapo mfuniko wa ndoo ukapasuka.

Na ile taa, wala haina haraka, ikaanza kupanda: kwanza wakaona kivuli cha mtu, halafu koti langu la kuazima, halafu mguu wangu mmoja umezama hadi gotini ndani ya rubisi ya posa. Odetha amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamoo, bibi," nikasema, sijui kwa nini.

"Marahaba, mkwe. Sasa tunywe au tukuoshe?"

Baba mdogo alikuwa karibu kulia. Mzee akatazama juu, taa inawaka nyeupe, haina kasoro yoyote.

"Mwanangu, hii ilitaka dakika mbili tu ukashindwa. Binti yangu anataka kwanza amalize chuo cha uuguzi. Utaweza kumsubiri?"

Nikaapa nitaweza. Tukatozwa faini ya ndoo nyingine, na tulipoipeleka, mzee akaifungua ile balbu, akanikabidhi: "Kajifunzie."

Testa nimeigawa. Kila jioni naiwasha ile balbu, nakunja mikono, naingoja. Odetha naye hupiga simu kutoka chuoni, hata salamu hajatoa, anauliza: "Imeshawaka?"