Chuma cha Mama Mkwe

Mama mkwe alipopooza upande mmoja, mke wangu alimleta Kibera kutoka kwetu magharibi. Kwa desturi yetu hangeweza kulala nyumbani kwangu, wala mimi singeweza kumgusa, kwa hiyo tulimkodia chumba kilichopakana na chetu. Kilichotutenganisha ni ukuta wa fito na udongo.

Siku moja mke wangu yuko sokoni, nikasikia kishindo. Nilikimbia hadi mlangoni kwa mama, nikageuza uso na kuita majirani wa kike. Walikawia.

"Usiingie, mkwe," alisema kutoka sakafuni. "Nitangoja."

Walipofika na kumwinua, nikaamua kumfungia bomba la chuma ukutani, la kujishikilia. Wiki hiyo nilikuwa nikitoka kazi ya mjengo mgongo umekufa, halafu naanza kutafuta vyuma vya kulishika bomba hilo. Duka la karibu lilikuwa na vishikizo vya bati. Nilijaribu kimoja kwa mikono, kikakunjika.

"Hivyo ni vya rafu, fundi," muuzaji alisema. "Kwani unataka kibebe nini?"

"Mtu."

Akavirudisha ndani.

Niliendelea hadi Kawangware kwa miguu, kwa mzee wa vyuma vikuukuu. Vishikizo vya geti vilikuwa vizito mno, vingebomoa ukuta. Nikachagua vyuma vya pembe vilivyokatwa kwenye bodi ya lori, vifupi, vinene, vyenye matundu. Nikaongeza bolti ndefu, kwa sababu skrubu haishiki kitu kwenye udongo. Ilibidi bolti zipenye ukuta mzima, zikazwe kwenye ubao upande wa pili. Upande huo palikuwa na kitanda changu.

Mwenye nyumba, bibi wa Kinubi, hakupenda.

"Na ukuta ukianguka?"

"Nitaujenga upya, mama."

Alichungulia chumbani, akamwona mgonjwa amelala, akashusha pumzi. "Haya, toboa."

Jumapili, mama akiwa ameketi nje, nilitoboa. Udongo ulimomonyoka, matundu yakawa makubwa kuliko nilivyotaka. Nikayaziba kwa simiti, tukasubiri ikauke. Nilipokaza nati ya mwisho, bomba likiwa mahali pake, mke wangu alimwingiza mama nami nikabaki upande wetu, nimeweka kiganja kwenye ubao.

"Shika hapa, mama. Jivute," mke wangu alimwambia.

Ubao ulilia. Vumbi likamwagika kwenye blanketi. Kisha nikausikia uzito wake ukija kiganjani mwangu, polepole, ukatulia.

"Amesimama?" niliuliza.

"Amesimama!"

Nilikaa kitandani. Sikuwa na nguvu hata ya kufurahi. Nilisikia miguu yake ikiburutika kuelekea mlangoni, na mke wangu akicheka huku analia.

Tangu hapo alijiinua mwenyewe kila asubuhi, akajifikisha kwenye kigoda cha nje, akaota jua na kusalimiana na wapita njia. Aliishi hivyo hadi alipotaka kurudi nyumbani, nasi tukamrudisha.