Siku Moja ya Bahari

Jana nilipita duka moja hapa Kitale, nikasikia harufu ya udi, na mara nikajiona mtoto jikoni kwetu.

Mama alikuwa anafulia nguo mwanamke mmoja Mhindi wa duka. Siku hiyo yule Mhindi alikuja kwetu mwenyewe, nguo zake zinanukia udi. Yeye na familia yake walikuwa wanaenda Mombasa, na siku moja wangeshinda kwa hekalu lao la pwani, halafu baharini. Alitaka niende nimchezeshe mtoto wake mdogo. Mimi nilisimama nyuma ya mlango, naomba Mungu mama akubali.

"Asubuhi tunaomba, mchana watoto wanacheza kwa mchanga," Mhindi akasema.

"Kwani Kitale mchanga imeisha?"

"Ni bahari, mama," Mhindi akamwambia.

"Na huko kwa kuomba, atainamia sanamu?"

"Hapana. Ataacha viatu nje tu."

"Viatu nje! Na nani anachunga?"

Mhindi akacheka. Mama hakucheka.

"Sawa, aende. Lakini yule msichana wako mkubwa niachie hapa, mpaka wangu arudi."

Mhindi akaangalia sakafu yetu ya udongo, akaangalia moshi. Kicheko kikaisha. Akachukua mkoba, akasema ataongea na bwana yake.

Chai aliyopewa hakuwa ameigusa. Mama akaniita, akanisukumia kikombe.

"Kunywa. Hiyo niliweka maziwa mingi."