Mwacheni Naila Aseme

Baba yangu alisikia sauti yangu ikibeza swala ya Ijumaa akiwa kwenye foleni ya malori, Tunduma. Dereva wake alikuwa na simu, na ndani ya simu nilikuwemo mimi.

"Ijumaa ni siku kama nyingine," nasema humo. "Anayetaka kusali asali baada ya vipindi. Wengine hiyo ruhusa ya swala wanaendea kulala bweni!"

Mimi, Naila binti Uledi. Mwislamu, mtoto wa Mwislamu.

Baba akapiga. "Hiyo sauti ni yako?"

"Ni yangu baba, lakini..."

Akakata.

Mwaka 2014 huo. Nilikuwa nasoma tawi dogo la chuo kikuu, huku huku kwetu Songwe, jina nalihifadhi. Tulikuwa na klabu ya mdahalo, mwenyekiti akiwa Enoka, kijana wa Nanyala, rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

Klabu ilikuwa na utaratibu wake. Unachota karatasi kapuni. Ikisema pinga, unapinga, hata kama moyo wako uko upande wa pili. Kabla hujaanza unatamka: "Hii si yangu, ni ya karatasi." Simu zote zinabaki kwenye beseni mlangoni. Kwa hiyo mle ndani tuliongea mambo ambayo nje yangetutoa roho.

Siku hiyo hoja ilikuwa chuo kisimamishe vipindi saa ya swala ya Ijumaa. Nikachota. Pinga.

Nikapinga kwelikweli, maana mie kazi sifanyi nusunusu. Nilipofika pale pa kulala bweni, ukumbi mzima ukamgeukia Raudha, kiongozi wa wanafunzi wa Kiislamu. Ijumaa iliyopita alionekana bweni saa ya swala, na kila mtu alijua. Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Nikavimba kichwa.

Rekodi iliyosambaa ilikatwa mwanzo. "Hii si yangu" haikuwemo.

Wiki ile niliiona dunia. Niliyelala naye chumba kimoja alihamisha godoro. Mama akapiga kusema baba kaapa nisikanyage nyumbani. Chuo nacho kikaniita kamati ya nidhamu kwa kukashifu dini, na adhabu yake ni kufukuzwa. Nilibakiza muhula mmoja tu.

Enoka akajitokeza. Akabandika mabango kila ukuta: MWACHENI NAILA ASEME. Ulikuwa msimu wa uchaguzi, naye alikuwa anagombea urais wa wanafunzi. Kila mkutano ananitaja, watu wanashangilia.

"Eno, si niwaambie tu ilikuwa ya karatasi?"

"Ukisema hivyo umeiua klabu. Watasema tunafundisha unafiki. Tulia dada, kwenye kamati mimi ndiye shahidi wako."

Nikatulia. Nilimwamini kuliko ndugu. Na aliyerekodi nilishampata kichwani kwangu: Raudha. Nani mwingine alikuwa na kinyongo na mimi? Nikamsema kantini, nikamsema bombani, nikamsema mpaka kwa wasiomjua.

Siku ya kamati, Mwalimu Mbonile aliyeiongoza aliniuliza swali moja tu, uvumilivu ukanishinda. Nikaeleza yote, karatasi, kapu na maneno ya kuanzia. Akamgeukia Enoka.

"Alitamka hivyo?"

Enoka akaangalia viatu vyake. Uchaguzi ulikuwa kesho yake. Msichana aliyesema ya karatasi tu si shujaa wa kubandikiwa mabango.

"Sikumbuki, mwalimu. Naila siku zote ana misimamo yake."

Jamani. Nilikaa chini bila kuambiwa nikae.

Raudha alikuwepo kama mlalamikaji. Akanyoosha mkono.

"Mimi nakumbuka. Alitamka, nilikuwa mstari wa pili." Akaomba rekodi ipigwe tena. "Sikilizeni kengele ya muda. Inasikika kuliko sauti ya Naila. Ile kengele inakaa mezani kwa mwenyekiti, na pale anakaa mtu mmoja."

Kila mtu akamtazama Enoka.

"Nilirekodi kwa ajili ya kumbukumbu za klabu," akasema.

"Na mwanzo aliukata nani?" Mwalimu Mbonile akauliza.

Enoka akarudi kuangalia viatu vyake.

Mimi nikapewa onyo, nikabaki. Klabu ikafungwa. Enoka akashinda urais kesho yake, kwa jina langu, kabla habari hazijatoka nje ya kile chumba.

Nilimfuata Raudha koridoni. "Umeniokoa, na mimi nimekusema chuo kizima."

"Najua. Sikuja kukuokoa, nimesema kilichosemwa." Akasita kidogo. "Ila lile la kulala bweni karatasi haikukuandikia. Ijumaa ile nilikuwa kwenye siku zangu, Naila. Wavulana walicheka kwa kutojua. Wewe ni mwanamke wa Kiislamu, ulijua vizuri kwa nini mwenzio anaweza kuikosa swala."

Nilikosa pa kuuweka uso. Kweli nilijua. Nilitaka tu wacheke.

Enoka sijamsamehe mpaka leo, na sitajifanya. Anayepiga kelele uachwe useme, mwangalie yeye anavuna nini. Lakini nawe ukipewa uhuru wa kusema, jichunge na yale unayoongeza ili watu wacheke. Baba nilimweleza, akaelewa. Kwa Raudha sikuwa na la kueleza, niliomba radhi tu.