Nilikonda Wakati Mbaya

Mwanangu, nakubali mapema ili usinisumbue baadaye: humu ndani ya kisa hiki mjinga ni mimi. Hakuna mwingine wa kumsukumia. Ukitaka kucheka, cheka. Watu wa Majengo walishanicheka mpaka wakachoka, wakahamia kwa mtu mwingine. Na usiniulize nina umri gani hata nikuite mwanangu. Mvi sina hata moja, ndevu zenyewe za kubahatisha, lakini yaliyonipata kwa ajili ya tumbo yananipa haki ya kukukalisha chini. Kaa.

Nakumbuka Jumapili moja tumetoka misa, nimevaa shati jipya la mitumba. Mitumba ilikuwa imeanza kumwagika Songea, na kila kibanda cha video kimebandika picha ya mzungu kifua wazi, misuli imejipanga utadhani matuta ya viazi. Nami nikanunua shati la kubana nifanane naye. Tumefika nje ya kanisa, nikavuta pumzi ili nimsalimie mzee mmoja, kifungo cha tumboni kikaruka. Kikatua miguuni kwa Skola.

Skola ndiye mchumba wangu, Skolastika, binti wa Mzee Kosmas wa kule upande wa Hanga. Mjini alikuwa anakaa kwa dada yake, anajifunza cherehani. Hakucheka. Aliokota kifungo, akakifuta vumbi, akasema, "Nitakushonea." Basi. Mtu mwenye akili angeshukuru akaenda kula chakula cha mchana. Mimi nikaona nimeaibishwa mbele ya parokia nzima, na kwamba harusini sitasimama na tumbo lile mbele ya mpiga picha.

Tumbo lenyewe nilikuwa nalijua lilikotoka. Kazi yangu ilikuwa kwenye mashine ya kusaga, kubeba magunia na kumimina mahindi. Mchana ugali mlima mzima, jioni pombe ya komoni mpaka kibuyu kinalia. Mashineni hawakuniita jina langu, waliniita Bonge. "Bonge, sogeza gunia! Bonge, unaziba mlango, mwanga hauingii!" Nilicheka nao. Ila tangu siku ya kifungo, kila wakisema Bonge nilisikia kile kifungo kinaruka.

Nikaenda kwa Dula. Dula alitoka Dar, na nyuma ya gereji moja alikuwa amefungua sehemu ya kunyanyua vyuma. Vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, katikati bomba la maji. Lakini kifua alikuwa nacho, siwezi kumnyima.

"Bonge, unataka tumbo liondoke na kifua kije?"

"Nataka."

"Ugali sahau. Wali, viazi, mihogo, ndizi, sahau. Chumvi inavimbisha, sahau. Unakula mayai ya kuchemsha, kiini unatupa. Kuku wa kuchemsha, ngozi unatupa."

"Na maharage?"

"Tupa."

"Sasa nitashiba nini, kaka?"

"Kushiba ndiko kulikokuletea hilo tumbo."

Kesho yake akaja mashineni Dada Eliza, nesi wa zahanati, na debe lake la mahindi. Nikamsimulia, nia yangu anisifu. Akanitazama kama mtoto aliyemeza sarafu.

"Wewe unabeba magunia kutwa, halafu unaacha chakula? Ugali punguza, usiuache. Maharage ongeza, dagaa, mboga za majani, yai na kiini chake ukilipata. Komoni acha kabisa, ndiyo imekaa hapo mbele. Nyanyua hivyo vyuma vyenu, usiku ulale. Tumbo litaondoka polepole."

"Polepole mpaka lini?"

"Mpaka liondoke."

Mwanangu, nikamwona hajui kitu. Maharage na dagaa! Hicho si ndicho tunachokula nyumbani tangu tuzaliwe? Mimi nilitaka dayati, kitu cha kunitesa, kitu ambacho ukimsimulia mtu anashika kichwa. Maneno ya Eliza hayakuwa na mateso ya kutosha. Ya Dula yalikuwa na kutupa, kutupa, kutupa. Nikachagua ya Dula. Tena kwa akili zangu timamu, hakuna aliyenishikia panga.

Nyumbani mama akawa anaokota viini vya mayai nilivyotupa anampa mbwa. Mbwa akanenepa, manyoya yakang'aa, kifua kikamtoka mbele. Kifua nilichokuwa nakitafuta mimi kikaenda kwa mbwa.

Mimi nikakonda. Lakini kukonda kwenyewe hakukufuata utaratibu niliokuwa nimeupanga. Mashavu yaliondoka kwanza. Shingo ikafuata. Macho yakarudi ndani, kola ya shati ikawa inazunguka peke yake. Tumbo lilibaki pale pale, limekaa kama mgeni asiyejua kuaga, likaja kuondoka mwisho kabisa. Kifua hakikufika. Kitafika na nini? Mwili haukupewa kitu, ukaanza kula nyama yake wenyewe ili upate nguvu ya kubeba mahindi ya watu. Gunia nililokuwa nalibeba huku napiga mluzi likaanza kunipeleka upande linaotaka lenyewe.

Na mimi nafurahi! Hapo ndipo napojikasirikia mpaka leo. Kina mama walikuwa wakifika mashineni wananiangalia, wanashusha sauti. "Umekonda." Nami, "Asante!" Mama mmoja aliniwekea mkono begani, machozi yanamlengalenga, akasema, "Jipe moyo, mwanangu. Mungu yupo." Nikamjibu kwa nguvu zote, "Yupo, mama! Na bado! Mwezi ujao utanikuta nimekonda zaidi!" Akaziba mdomo kwa kanga, akaondoka hajachukua hata unga wake. Nikajisemea, eti wameanza kunionea wivu.

Unajua mwenyewe huku kwetu mtu akikonda haraka watu wanafikiri nini. Ukimwi hawautaji. Wanasema amekanyaga waya, halafu wanatazama chini. Kila mtaa umezika. Mimi niliyajua yote hayo, misibani nilikwenda, makaburi nilichimba. Lakini mtu akishapenda kujitazama kwenye kioo hawezi kujiona kwa macho ya watu wengine.

Ikafika siku ya kulima ukweni. Kwetu mchumba hapelekwi kanisani mikono mitupu. Kwanza anakwenda na wenzake kulima shamba la wakwe, halafu anakaa kula, na wakwe wanamwangalia anavyolima na anavyokula. Mshenga wangu alikuwa Mjomba Titus, kaka yake mama, mtu wa maneno machache. Tukapanda lori alfajiri, wenzangu wawili, mjomba, na mimi na mayai yangu ya kuchemsha mfukoni.

Nilianza tuta kwa mbwembwe. Tuta halijafika katikati, dunia ikaanza kuzunguka na jembe likawa linanishika badala ya mimi kulishika. Nikakaa chini. Wenzangu walidhani natania, maana kutania ndiyo kazi yangu ya pili. Mzee Kosmas akaja, akaninyang'anya jembe kwa upole uliozidi.

"Pumzika, baba. Usijitese."

Chakula kikaja. Mama Skola alikuwa amechinja jogoo. Firigisi ikawekwa upande wangu, heshima ya mkwe hiyo, na ugali unatoa moshi. Mimi nikasogeza ugali kando. Nikamenya ngozi ya kuku nikaiweka ukingoni mwa sahani. Nikatoa mayai mfukoni, mbele za watu, nikayamenya, viini nikawatupia kuku wa mama mkwe.

Hata mjomba aliacha kutafuna.

Mama Skola akauliza, sauti ya chini, "Mkwe, ugali wetu una kasoro?"

Sasa ningemjibuje? Ningemwambia mama mkwe natafuta kifua? Kwetu habari za mwili wako huzitaji mbele ya mama mkwe, afadhali ufe. Nikatafuta neno la adabu. Nikasema, "Hauna kasoro, mama. Ni tumbo langu tu, siku hizi halipokei ugali."

Mzee Kosmas aliinua macho akanitazama shingo, kisha mikono, kisha akamtazama mkewe. Skola alikuwa mlangoni na jagi la maji. Akaingia ndani, hakutoka tena mpaka lori lilipokuja. Nami njiani nikawa najisifu kwamba nimejibu kwa adabu.

Wiki haikuisha, Mjomba Titus akaja mashineni. Alinitoa nje, mbali na mngurumo wa mashine.

"Kosmas anasema harusi isimame."

"Isimame kwa nini, mjomba? Mahari si tulielewana?"

"Hebu jitazame."

"Nimekonda, ndiyo. Ni vyuma, mjomba! Ni mayai!"

Mjomba alikuwa amemzika binti yake Agnesi kabla ya kwaresima. Mimi mwenyewe nilishika kamba ya jeneza upande mmoja. Alipofungua mdomo hakupaza sauti, afadhali angepaza.

"Agnesi alikuwa analia nimlishe hata kijiko kimoja cha ugali. Kilikuwa hakipiti. Wewe kinapita, unakisogeza kando! Wenzako wanakonda hawataki, wewe unakonda kwa kupenda, unatutembeza na hayo mayai yako mpaka ukweni? Una akili wewe?"

Nikaanza kujifuta unga mikononi.

"Sasa utakwenda kupima," akasema. "Si kwa ajili ya Kosmas. Kwa ajili ya huyo mtoto wa watu."

Nikaenda hospitali. Nilikwenda kwa kujiamini, najua tatizo langu ni mayai. Lakini kungoja majibu, mwanangu, acha kabisa. Kila nikijilaza naanza kujiuliza, je kama si mayai? Nikakumbuka ujana wangu wote, na ujana wangu haukuwa wa seminari. Tumbo lilipotea kabisa katika kungoja kule, na wala sikufurahi. Majibu yalipokuja mazuri nilikaa kwenye benchi la hospitali nikalia mpaka mgonjwa mmoja akanipa pole.

Natoka pale na njaa yangu, napita kwa mama ntilie mmoja karibu na stendi, namkuta nani? Dula. Sahani mbele yake ugali, maharage, samaki wa Nyasa mzima mzima, na mchuzi anaomba aongezewe.

"Dula! Si ulisema ugali sahau?"

Akameza kwanza. "Bonge, wewe ndio unajenga. Mimi nimeshajenga."

Nilitaka kumpiga, ila mkono haukuwa na nguvu. Nikavuta benchi nikaagiza sahani kama yake.

Nikarudi kwa Dada Eliza nimeinamisha kichwa. Hakunisema, akarudia maneno yale yale ya kwanza, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Nikala nusu ya ugali niliozoea. Maharage, dagaa, mboga, yai zima na kiini chake, mbwa akanuna. Komoni nikaiacha. Vyuma nikaendelea navyo, hata Dula nikaendelea kumsalimia. Ilichukua miezi. Hakuna siku hata moja niliyoamka nikaona badiliko, ndiyo maana ilikuwa inaudhi. Lakini gunia likaanza kunitii tena, shavu likarudi, na mbavu zikapata cha kuvaa.

Mjomba akanipeleka Hanga mara ya pili. Nilitaka kumweleza Mzee Kosmas habari za hospitali, mjomba akanikanyaga mguu. Mzee alinipa jembe tu, akasimama mwanzoni mwa tuta. Nikalima mpaka mwisho, nikageuza, nikarudi. Chakula kilipokuja ulikuwa ugali na maharage, safari hii hakufa jogoo, na sikulaumu. Mama Skola alihesabu kila tonge kwa macho. Nilipomaliza, Mzee Kosmas akamwambia mkewe, "Mwongezee." Basi nikajua harusi ipo.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana nimechoka kuwaona wewe na wenzako mnamzunguka Dula kwenye makopo yale. Unataka kupungua na kupata misuli? Vizuri, hata mimi sikukatazi. Chagua chakula ambacho utaweza kukila mwaka ujao na mwaka ule mwingine, tena ukiwa nyumbani kwa watu. Chakula kinachokufanya ushindwe kula na mama yako hakikufai hata kama mwenye kukupa ana kifua cha mlango. Ugali punguza, pombe acha, maharage usiyadharau kwa sababu yanapatikana. Misuli haiji kwa kutupa. Mtu akikwambia umekonda, usikimbilie kushukuru, muulize ana maana gani. Na ukimwona mwenzako amekonda kweli, usitazame chini. Kaa naye, mlishe kinachopita. Kupima usiogope, mimi nimepima na bado nakusumbua.

Mungu akupe njaa ya kula na chakula cha kuiondoa. Akupe nguvu za kulima ukweni bila kukaa chini, na wakwe wenye roho ya kukuita mara ya pili. Amina.

Skola sikumwambia lolote mpaka jioni ile ya kulima mara ya pili, aliponisindikiza barabarani kungoja lori. Nikamweleza yote, Dula, mayai, kifua. Nilidhani atacheka. Alisimama ananitazama mpaka taa za lori zikatokea kwenye kona, ndipo akasema:

"Mimi nilishamwambia baba kwamba ugonjwa au si ugonjwa, nitakuja nikuuguze. Nilishafunga na nguo zangu. Kumbe mwenzangu ulikuwa unatafuta kifua!"